DRC–Tanzania: Nyarugusu karibu miaka 30, kumbukumbu za wazee wa Fizi ndizo hati ya shamba

Mwezi wa kumi na moja mwaka huu wa 2026, kambi ya Nyarugusu, katika wilaya ya Kasulu, mkoa wa Kigoma nchini Tanzania, itatimiza miaka 30. Ilifunguliwa mwaka wa 1996 kwa ajili ya Wakongomani waliovuka ziwa Tanganyika wakikimbia vita katika jimbo la Kivu ya Kusini. Wengi wao walitoka Fizi na Uvira. Waliondoka na sufuria, mikeka na watoto, wakifikiri watarudi kabla ya muhogo waliouacha shambani kukomaa. Leo mtoto aliyezaliwa kambini katika miezi ile ya kwanza ni mtu mzima, ana watoto wake, na hajawahi kuiona Fizi kwa macho yake.

Historia hiyo inarudi mezani kwa sababu familia zingine zimeanza safari ile ile. Goma ilianguka mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza 2025, Bukavu ikafuata mwezi wa pili, kisha Uvira ikachukuliwa mwezi wa kumi na mbili. Kila mara, maelfu ya watu walivuka mipaka, hasa kuelekea Burundi. Wao pia wanasema ni kwa muda mfupi tu.

Ndiyo maana kuna faida kuangalia yale yaliyowapata waliotangulia. Familia ya mkimbizi inaishi na kazi mbili kwa wakati mmoja: kukumbuka nyumba iliyoachwa, na kujenga nyingine mahali ambapo sheria haiiruhusu kuitwa nyumba. Katika hali ya mashariki mwa Kongo, kumbukumbu si hadithi za jioni tu. Kwa familia nyingi, ndiyo karatasi pekee inayoonyesha kwamba zina shamba.

Watu wa wiki mbili

Vita vya AFDL vilipoanza mwezi wa kumi 1996, Uvira ilianguka kabla ya mwezi kwisha. Mapigano yakateremka kando ya ziwa kuelekea Baraka na Fizi. Kwa wakaaji wa vijiji vya kando ya ziwa na wa rasi ya Ubwari, njia iliyobaki ilikuwa ya maji. Walipanda mitumbwi na boti, mara nyingi usiku, wakaelekea Kigoma.

Wimbi la pili lilikuja baada ya tarehe 2 Agosti 1998, vita vya RCD vilipoanza. Mauaji ya Makobola, kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999, yaliwamaliza mamia ya raia na kuwafukuza wengine wengi. Tukio hilo ni moja kati ya matukio 617 yaliyoandikwa katika Ripoti Mapping ya Umoja wa Mataifa, iliyotolewa mwezi wa kumi 2010.

Upande wa Tanzania, Wakongomani waligawanywa hasa katika kambi mbili: Nyarugusu na Lugufu. Mwaka wa 2009 Lugufu ilifungwa, na wale waliokuwa hawajarudi Kongo wakapelekwa Nyarugusu. Kwa familia hizo, huo ulikuwa uhamisho wa pili. Nyumba ya udongo iliyojengwa kwa miaka zaidi ya kumi, miti iliyoanza kuzaa, jirani waliozoeana, vyote viliachwa. Mwaka wa 2015 Warundi nao walikimbilia Nyarugusu kwa wingi, na kambi ikawa na watu zaidi ya 150,000, moja ya kambi kubwa kabisa duniani wakati ule.

Katikati ya hayo, mlango wa kurudi ulifunguka kidogo. Kuanzia mwaka wa 2005, HCR ilipanga safari za kurudi kwa hiari, kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka. Makumi ya maelfu walirudi. Wengine walikataa, wakisema usalama bado haujapatikana. Na kuna waliorudi, wakakuta mtu mwingine analima shamba lao, au vita vingine, wakavuka ziwa tena. Hao ndio waliowafundisha waliobaki kwamba kurudi si kupanda meli tu.

Nyumba inayojengwa kwa kumbukumbu

Chukua familia ya mfano, ambayo si moja kwa jina bali inafanana na nyingi. Baba alivuka ziwa akiwa na miaka 32. Leo ana 62. Mama alikuwa na 26. Mtoto wa kwanza alibebwa mgongoni. Wanne waliofuata walizaliwa kambini. Sasa kuna wajukuu saba.

Nyumba yao ni ya tofali za udongo. Mwanzoni paa lilikuwa shiti la HCR, kisha nyasi. Nyuma ya nyumba mama alipanda sombe na lenga-lenga, na mti wa mwembe pembeni. Alipanda mwembe huo akisema utawafaa watakaokuja baada yao. Umeshazaa mara nyingi, na wanaokula embe hizo ni wajukuu wake.

Posho ya PAM inakuja na unga wa mahindi. Watu wa Fizi ni watu wa bugali ya muhogo. Kwa hiyo sehemu ya mahindi inabadilishwa sokoni ili ipatikane unga wa muhogo, na siku ambayo ndagala za ziwa zinafika, mama anapika chakula ambacho watoto wanakiita "cha kwetu", ingawa wenyewe hawajafika huko kwao. Ladha ndiyo kumbukumbu ya kwanza ambayo mtoto wa kambi anarithi, kabla hata ya kujua majina ya vijiji.

Lugha zinafuata. Nyumbani ni Kibembe, Kifuliru au Kivira, kulingana na familia. Nje ni Kiswahili, lakini mtoto anajifunza haraka kwamba Kiswahili chake kinamtambulisha: akifungua mdomo sokoni, Mtanzania anajua mara moja kwamba huyu ni Mkongomani. Shuleni ni Kifaransa, maana watoto wa Kikongomani kambini wanafuata programu ya masomo ya Kongo. Wanajifunza majimbo, mito na tarehe 30 Juni 1960 katika darasa lililojengwa juu ya ardhi ya Tanzania. Uamuzi huo ulikuwa na maana moja: kuwatayarisha kurudi. Lakini miaka 30 baadaye, kijana mwenye diploma ya Kifaransa anaishi katika nchi ambayo ofisi zake zinafanya kazi kwa Kiswahili na Kiingereza.

Katika desturi ya Wabembe kuna lubunga, mahali ambapo wazee wanakaa, wanaamua mambo ya ukoo na kufundisha vijana. Familia zilipofika kambini zilitafuta namna ya kuendelea na mazungumzo hayo, chini ya mti au pembeni ya kanisa. Hapo ndipo mzee anachora shamba lake juu ya mavumbi kwa fimbo: huku mto, huku miti ya ngazi ya babu, huku kaburi la mama yake, ng'ambo ya pale shamba la jirani fulani. Vijana wanasikiliza, wengine kwa heshima tu. Mchoro unafutwa na miguu ya watu kabla ya jioni.

Mgeni asiyepewa jembe

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Swali la kisiasa ndani ya maisha ya mkimbizi liko katika methali hiyo. Je, nchi iliyompokea imempa jembe?

Tanzania ilikuwa na historia ya kutoa jembe. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka wa 1972 walipewa ardhi katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Walilima, wakajilisha, wakauza mavuno. Mwaka wa 2014 zoezi la kuwapa uraia takriban 162,000 kati yao lilikamilishwa. Ni tendo ambalo nchi chache sana duniani zimelifanya kwa kundi kubwa namna hiyo.

Lakini Wakongomani wa 1996 walifika wakati mwingine. Baada ya Warundi wa 1993 na Wanyarwanda wa 1994, mkoa wa Kigoma na ule wa Kagera ilikuwa imechoka. Sheria ya wakimbizi ya mwaka wa 1998 iliweka msingi wa maisha ya kambini: mkimbizi anakaa eneo alilopangiwa, na hatoki bila kibali. Anayekamatwa nje ya kambi akitafuta kibarua katika shamba la mwenyeji anaweza kushtakiwa. Bustani ya mboga nyuma ya nyumba inawezekana. Shamba la kulisha familia, hapana.

Kwa hiyo familia inategemea posho, na posho inategemea wafadhili. Mwaka wa 2023, PAM ilipokosa pesa, ilipunguza posho katika kambi za Tanzania hadi nusu ya kiwango kinachohitajika. Familia ambayo haina ruhusa ya kulima, ikipunguziwa chakula nusu, inabaki na njia tatu: kula mara moja kwa siku, kutoka kwa siri, au kurudi Kongo hata kama vita havijaisha.

Uganda ilichagua njia nyingine. Sheria yake ya mwaka wa 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea, na katika makazi kama Nakivale, Kyangwali na Rwamwanja familia inapewa kipande cha ardhi. Wakongomani zaidi ya nusu milioni wanaishi huko. Si peponi. Kadiri wageni wanavyoongezeka, vipande vya ardhi vinapungua, na posho ya PAM imepunguzwa huko pia. Hata hivyo, tofauti inaonekana katika namna familia zinavyozungumza. Mahali ambapo mtu analima, "shamba letu" linaweza kuwa na maana mbili, la huku na la kule. Mahali ambapo halimi, shamba letu ni lile la kule tu, na linaishi ndani ya kichwa cha mzee.

Mlango wa Marekani ulifungwa siku Goma ilipoanguka

Kwa miaka mingi, kulikuwa na tumaini la tatu. Kuanzia miaka ya 2012 na 2013, HCR na Marekani ziliongeza mpango wa kuwahamisha Wakongomani kutoka kambi za Maziwa Makuu. Mwaka wa bajeti wa 2016, Wakongomani zaidi ya 16,000 walipokelewa Marekani, na wakawa kundi la kwanza kwa ukubwa kati ya wakimbizi wote walioingia nchini humo mwaka huo. Mwaka wa bajeti wa 2024 walikuwa karibu 20,000, tena wa kwanza. Leo Kiswahili cha Fizi na Uvira kinasikika katika maduka na makanisa ya Kentucky, Texas na Idaho.

Katika familia ya mfano, mtoto wa pili alipita. Mahojiano yalichukua miaka: kuulizwa jina la babu, tarehe ya kukimbia, nani alikufa wapi. Pale pia, kumbukumbu ilikuwa mtihani. Aliyechanganya mwaka wa 1996 na wa 1998 aliweza kucheleweshwa au kukataliwa. Baba aliyekuwa akisimulia usiku kwa kujifariji akaanza kusimulia kwa mpangilio wa tarehe, ili watoto wasikosee.

Tarehe 20 Januari 2025, Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kusimamisha mpango huo, na usimamishaji ukaanza kazi tarehe 27 Januari. Ni siku ile ile M23 ilipotangaza kuikamata Goma. Kwa mwaka wa bajeti wa 2026, Marekani iliweka kikomo cha watu 7,500 tu, na kipaumbele kikapewa Waafrikana wazungu wa Afrika Kusini. Familia ambazo zilikuwa zimeshauza vyombo zikisubiri ndege zilibaki na mabegi.

Matokeo yake ni familia iliyogawanyika kwa muda usiojulikana. Mtoto mmoja yuko Marekani, wazazi Nyarugusu, shangazi alirudi Baraka mwaka wa 2007, mjomba yuko Nakivale. Kila mmoja ana kipande cha kumbukumbu. Hakuna aliye na chote.

Shamba linabaki la nani?

Hapa ndipo jambo linapokuwa zito. Fizi ya 2026 si ile ya 1996. Baraka imepanuka. Dhahabu ya Misisi imevuta watu kutoka pande nyingi. Ardhi iliyokuwa pori sasa ina bei. Anayerudi baada ya miaka 30 hakuti pengo likimsubiri, anakuta watu.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi yote ni mali ya serikali. Kuhusu mashamba ya kijijini, kipengele cha 389 kiliahidi kwamba ordonansi ya Rais wa Jamhuri itapanga haki za wale wanaoyatumia kwa desturi. Miongo ilipita bila ordonansi hiyo kutoka. Mkulima wa Fizi aliyekimbia mwaka wa 1996 hakuwa na hati kutoka ofisi ya ardhi. Alikuwa na kapita aliyemjua, jirani waliopakana naye, miti ya ngazi iliyopandwa na babu, na makaburi. Huo ndio ushahidi.

Ushahidi huo una tabia moja: unakufa pamoja na watu. Kapita wa wakati ule amefariki. Jirani wamefariki au wako kambini. Miti imekatwa. Kaburi limelimwa juu yake. Baba akifa Nyarugusu bila mtu kuandika aliyoyajua, mtoto wake atafika kijijini akiwa na jina la ukoo tu. Mbele ya mtu aliyelima miaka 20, jina la ukoo halitoshi.

Na huyo aliyelima miaka 20 si lazima awe mwizi. Mara nyingi naye alikimbia kutoka kwingine, au alipewa na kapita mpya, au alinunua kwa mtu aliyedai ni lake. Migogoro ya namna hiyo ilionekana wazi wakati wa kurudi kwa miaka ya 2005 na kuendelea. Pale ambapo wazee wa pande zote mbili walikuwa hai na walikumbuka mipaka, mara nyingi maelewano yalipatikana: kugawa, kulipana, au kumpa mwingine kipande kingine. Pale ambapo hakuna aliyekumbuka, mambo yalienda mahakamani au kwenye mapanga.

Kuna kifungo kingine ambacho wachache wanakifikiria. Katiba ya mwaka wa 2006, katika kipengele cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchangamani na mwingine. Mtoto aliyefika Marekani na kuchukua uraia wa huko, kwa sheria ya Kongo si Mkongomani tena. Na sheria ya ardhi inatoa konsesheni ya kudumu kwa Mkongomani tu. Mgeni anapata ya muda. Kwa hiyo mtoto anayetuma pesa kutoka Kentucky ili kiwanja kinunuliwe Baraka anaweza kujikuta, kwenye karatasi, ni mgeni katika ardhi ya babu yake.

Kumbukumbu za nani, na za nini?

Si kila kinachokumbukwa kinajenga. Kila jamii ya Kivu ya Kusini ina wafu wake. Wabembe wanawataja wa Makobola. Wanyamulenge wanawataja wa Gatumba, ambapo tarehe 13 Agosti 2004 watu zaidi ya 150 waliuawa katika kambi ya wakimbizi nchini Burundi, karibu na mpaka wa Uvira. Wote wana haki ya kuomboleza. Lakini mtoto anayekua kambini anaweza kupewa urithi wa aina mbili: mipaka ya shamba, au orodha ya maadui. Cha kwanza kinamsaidia kuzungumza na jirani siku akirudi. Cha pili kinamfanya awe tayari kuchukuliwa na kundi lolote lenye silaha linalotafuta vijana.

Wazee ambao waliishi kabla ya 1996 wana kumbukumbu ambayo vijana hawana: wanakumbuka pia soko la pamoja, ndoa kati ya makabila, mchungaji aliyepitisha ng'ombe kwa makubaliano na mkulima wakati wa kiangazi. Migongano ilikuwepo hata wakati ule, lakini ilikuwa na njia za kumalizwa. Mzee akinyamaza juu ya hayo na kusimulia vita tu, kijana atafikiri vita ndiyo hali ya kawaida ya nchi yake.

Swali lingine ni nani anayeambiwa. Mara nyingi baba anawaeleza watoto wa kiume mipaka ya shamba, maana msichana "ataolewa". Sheria haisemi hivyo. Kanuni ya familia ya mwaka wa 1987, iliyorekebishwa mwaka wa 2016, inawaweka watoto wote, wa kike na wa kiume, katika kundi la kwanza la warithi, kwa mafungu sawa. Na maisha ya kambi yenyewe yanaonyesha hatari ya desturi hiyo: vijana wa kiume ndio wanaotoka kwanza kutafuta maisha, Dar es Salaam, Lusaka au mbali zaidi. Anayebaki karibu na wazazi mpaka siku ya mwisho ni binti, mara nyingi. Ndiye anayesikia maneno ya mwisho, lakini hakuambiwa shamba linaanzia wapi.

Mama naye ana ramani yake ambayo hakuna anayemuuliza. Anajua chemchemi iko wapi, njia ya kwenda sokoni, mwanamke yupi alikuwa jirani wa shamba la muhogo. Katika mgogoro wa mpaka, ushahidi wa namna hiyo unaweza kuwa na nguvu kuliko maneno ya mwanaume aliyekuwa akivua samaki ziwani muda mwingi.

Yanayoweza kufanywa kabla wazee hawajaondoka

Sheria ya uraia ya tarehe 12 Novemba 2004 iko wazi: mtoto ambaye baba au mama yake ni Mkongomani, naye ni Mkongomani, popote alipozaliwa. Kuzaliwa Nyarugusu hakumwondolei mtu Kongo. Lakini haki hiyo inahitaji karatasi. Kwa kanuni ya familia, kuzaliwa kunatangazwa ndani ya siku 90. Anayepita muda huo anahitaji hukumu ya mahakama. Kijana wa miaka 29 anayerudi Fizi bila karatasi ya kuzaliwa, bila kadi ya mpiga kura, na Kiswahili chenye harufu ya Kasulu, anaweza kuitwa mgeni katika kijiji cha baba yake. Katika nchi ambapo swali la "nani ni Mkongomani" limeshamwaga damu, hilo si jambo dogo.

Serikali ya Kinshasa ina konsula kuu Kigoma, saa chache kwa gari kutoka kambini. Kazi ya kuandika watoto wa Nyarugusu, kwa kushirikiana na HCR na serikali ya Tanzania, haihitaji vita viishe kwanza. Vilevile ofisi za ardhi na wakuu wa sekta nne za Fizi, yaani Lulenge, Mutambala, Ngandja na Tanganyika, wangeweza kupokea maelezo ya walioko ng'ambo: jina la kijiji, la kapita wa wakati ule, majina ya waliopakana, alama za mpaka, nani aliachiwa shamba. Maelezo hayo hayatakuwa hati. Yatakuwa mwanzo wa mazungumzo siku ikifika.

Familia zenyewe zinaweza kuanza bila kusubiri mtu. Daftari la shule linatosha. Simu inarekodi sauti. Mzee anaweza kueleza mpaka mmoja kila jioni, mbele ya watoto wa kike na wa kiume, na ndugu aliyeko Baraka akaulizwa kama ule mti bado upo. Aliyeko Marekani anaweza kuhifadhi nakala.

Funzo hilo linawahusu zaidi wale waliovuka Ruzizi mwaka wa 2025. Kumbukumbu zao bado ni mbichi. Jirani wao bado wako hai na namba zao za simu zinapatikana. Wengine wana picha za nyumba na kiwanja kwenye simu, wengine wana karatasi ya mauzo iliyotiwa sahihi na mkuu wa avenue. Yote hayo yanaweza kuandikwa leo kwa dakika chache. Waliovuka mwaka wa 1996 hawakuandika, kwa sababu walihesabu wiki mbili.

Kujenga nyumba ugenini si kuisaliti nyumba ya kwanza. Mama wa Nyarugusu aliyepanda mwembe hakuacha kuwa mtu wa Fizi. Wajukuu wanaokula embe hizo wana haki ya kujua vitu viwili: kwamba mti huu ni wao kwa sababu bibi yao aliupanda, na kwamba upo mwingine, kando ya mto fulani, karibu na kaburi fulani, katika kijiji chenye jina. Jina hilo likiandikwa, watakuwa na mahali pa kuanzia kuuliza.